Kidole cha Shangazi Capitoline

Shangazi Capitoline anafua mashuka ya hoteli kule Irving, Texas, mwaka wa tisa huu. Mikono yote imechubuka kwa dawa, lakini kidole anachokitazama ni kile kidogo cha kushoto. Kwetu Burundi, uchaguzi mmoja, hakwenda kupiga kura. Vijana wakapita nyumba kwa nyumba wanakagua vidole. Chake hakikuwa na wino. Walimchapa mpaka akazimia. Ndiyo akakimbilia kambini Tanzania, ndiyo leo tuko Marekani, mji wa Haltom City.

Sasa mtu huyohuyo, kapata uraia mwezi wa tatu tu, ananiambia mimi kura ni lazima. Nikamuuliza, lazima ya nani? Hapa hakuna anayemkagua mtu kidole. Mimi raia mwaka wa nne, kadi yangu ya kura naitumia kuwekea kikombe cha kahawa garini, na sijapungukiwa kitu. Akasema wale walitaka apige kwa kuogopa. Yeye anataka apige bila kuogopa, na hiyo lazima kajiwekea mwenyewe.

Siku yenyewe nikampeleka, maana haendeshi gari wala hasomi Kiingereza. Foleni saa nzima. Shifti yangu ya bohari, mji wa Mesquite, inaanza saa moja jioni, nachemka tu. Ndani wakaniapisha: nimsomee, nisimchagulie. Tukafika kwenye majaji, maana huku hata majaji wanapigiwa kura, majina kibao, hamjui hata mmoja. Nikamwambia abonyeze yeyote twende zetu.

"Thierry, umeapa sasa hivi," akaninong'oneza. Majaji wote akawaruka.

Tulipomaliza akamnyooshea kile kidole kidogo mama msimamizi wa mlangoni, apakwe. Yule mama akacheka, akambandika kifuani stika ya "nimepiga kura". Shangazi haondoki. Kidole bado kiko hewani, watu nyuma wanakohoa. Nikamwambia hapa hawapaki wino, shangazi, twende. Akakikunja polepole.

Garini akatoa kalamu ya hoteli kwenye mkoba, akajipaka kidole chote mpaka kucha. Uso ukatulia kabisa. Mimi ndiyo hasira zikapanda, sijui hata za nini. Nikamwambia najua, sasa utanisukuma na mimi nirudi mle ndani.

"Sikusukumi," akasema. "Mimi nilipigwa kwa sababu ya kura. Wewe sitakupiga."

Nikawasha gari. Gia sikuingiza. Nikaona anakipulizia kidole kikauke, kama msichana aliyepaka rangi ya kucha. Nikamnyooshea changu.

"Haya, nipake na mimi tuondoke."

"Hujapiga, mwanangu." Akaifunika kalamu, akairudisha mkobani.

Saa kumi na mbili na nusu. Wanafunga saa moja. Nikazima gari, nikatoa kikombe juu ya kadi, nikarudi kwenye foleni natukana kimoyomoyo. Msimamizi wa bohari akapiga simu mara mbili. Sikupokea.