Sambaza za Picha

Ile mashine siipendi mpaka leo. Kaka yangu, anayeishi Ulaya, alimutumia maman kwa sababu ya presha yake: fuu, yaani oveni ndogo ya kuweka juu ya meza, inayokaanga kwa hewa ya moto, bila mafuta.

Tuliichomeka mara moja tu. Taa zikafifia, halafu umeme ukakatika kwetu na kwa majirani. Maman akaifuta, akaiweka kwenye salon, pale tunapopokea wageni, akaifunika na kitambaa alichofuma mwenyewe. Wageni walikuja kuiangalia.

Kaka akaomba picha. Maman alisema kumuambia mutoto kwamba zawadi yake haina kazi ni kumuvunja moyo. Basi kila jumapili alikaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, juu ya jiko la makala ya moto, zikiogelea ndani ya mafuta. Kisha alizipanga ndani ya mashine, na mimi nikapiga picha. Kaka alifurahi sana. Aliwaonyesha rafiki zake.

Mwaka uliofuata dawa za presha zikamuishia maman, na mushahara wangu ulikuwa haujatoka miezi mingi. Nikamuandikia kaka. Alijibu siku ileile, kwa upole: "Maman anakula vizuri, mimi mwenyewe naona. Dawa ya nini tena?"

Kila jumapili, kabla ya kupiga picha, ni mimi nilikuwa nafuta mafuta kwenye kioo cha mashine.