Daftari la Wenye Ng'ombe

Daftari lile niliandika mimi, kwa hivyo nisimsingizie mtu. Kina mama wa ushirika wetu wa maziwa, hapa nje kidogo ya Kitengela, walinichagua karani kwa sababu nimesoma kuwashinda. Wengi wao ni Wamaasai. Mimi ni Mkamba, nilikuja huku kuolewa nikazoea. "Wewe kalamu inakusikia," waliniambia, nami nikavimba kichwa.

Tulikuwa tumepata marafiki Italia, wafugaji walio na ushirika wao na kiwanda chao wenyewe cha jibini. Walitaka kutusaidia na tangi la kupoza maziwa, na kwanza wakatuma fomu ya kuandikisha wanachama. Fomu iliuliza: mwenye ng'ombe ni nani? Nami, mtu wa kufuata fomu, nikazunguka boma kwa boma nikiuliza, "Ng'ombe ni wa nani?" Kila mama alinijibu, "Ni wa mzee." Nikaandika jina la mzee daftarini. Hakuna aliyedanganya. Umaasaini ng'ombe ni wa mwanamume, lakini maziwa ni ya mwanamke. Yeye ndiye anakamua, anagawa, anauza, na mzee hana neno. Hayo yote nilikuwa nayajua. Lakini fomu haikuuliza maziwa ni ya nani, basi sikuandika.

Siku ya kuchagua kamati tulikutana kanisani, na mgeni wetu kutoka Italia alikuwepo, mama wa makamo mwenye viatu vilivyojaa matope kuliko vyetu. Hata hatujamaliza maombi, wazee wakaingia na fimbo zao, wakaketi viti vya mbele. Mmoja aliomba daftari, akasoma majina kwa sauti. Yote yalikuwa ya wanaume.

"Basi sisi ndio tunapiga kura," akasema, kwa upole kabisa.

Wueh! Kina mama hawa walikuwa wamebeba maziwa mgongoni miaka na miaka, na sasa mimi nimewatoa kwa ushirika wao wenyewe. Niliwakasirikia wale wazee, kwa sababu kujikasirikia ni kazi ngumu.

Mgeni akaniuliza kuna nini. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha shule. Akasema kwao kila mwanachama ana kura moja, awe na ng'ombe mmoja au mia. Lakini nyanya yake alikamua maisha yake yote, na aliyekuwa akienda mkutanoni ni babu. Nilikuwa nafikiri mambo hayo ni ya huku kwetu tu. Kumbe!

Ndipo koko akasimama. Koko ndivyo huku tunamwita nyanya, na huyu ndiye alianzisha ushirika. Aliyeshika daftari alikuwa mzee wake mwenyewe.

"Yule ng'ombe mweusi leo asubuhi alikataa kukamuliwa," akamwambia. "Tulimtuliza na nini?"

Mzee akaangalia fimbo yake. "Sasa hiyo mimi nitajuaje? Hiyo ni kazi ya wamama."

"Na huu mkutano ni wa nini?"

"Wa maziwa."

"Ehe."

Mzee mmoja wa nyuma akaanza kucheka, wengine wakamfuata, na mwishowe hata mwenye daftari akacheka. Akaniletea, akaniambia, "Mama, andika vizuri." Wakatoka nje kuota jua. Nilitamani ardhi inimeze, lakini pia nilishukuru Mungu.

Nikafungua ukurasa mpya. Kina mama wakapanga laini, kila mmoja akitaja jina lake. Wengine majina yao nilikuwa siyajui, maana miaka yote tumeitana mama fulani, mama fulani. Mmoja alitaja lake kwa sauti ndogo mpaka nikamwomba arudie, na mara ya pili akalisema kwa nguvu, watu wakapiga makofi.

Walipoisha, koko akaniuliza, "Na wewe?"

Nikarudi ukurasa ule wa zamani kutafuta mstari wangu. Niko na ng'ombe wawili. Niliwanunua mwenyewe, kwa pesa ya cherehani, kabla hata sijaolewa. Hapo palikuwa na jina la mume wangu. Na hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza ni wa nani. Niliandika tu.