Nilimfundisha Mbwa Wangu Asile kwa Mkono wa Mtu Mwingine

Admin, jina langu tafadhali libaki kwako. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, Muislamu, nimeachika, sina mtoto. Nafanya kazi ofisi moja hapa Kibaha na nina nyumba yangu ndogo mtaa wa Sofu. Najua wapo watakaosema, "Ni mbwa tu huyo, dada, tafuta mume." Hao wapite kushoto, leo sina nguvu za kubishana.

Miaka minne iliyopita wezi waliingia kwangu mara mbili, wakabeba mpaka jiko la gesi. Nikaamua kufuga mbwa, na sikukurupuka. Kabla hajaja nilijenga banda la tofali lenye sakafu ya saruji, nikatafuta daktari wa mifugo wa kumchanja na kumpa dawa ya minyoo, nikamtengea sufuria lake peke yake. Ndipo nikachukua kitoto cha mbwa, mama yake mbwa wa kizungu, baba yake mbwa koko wa mtaani. Nilimwita Bosi, kwa sababu ofisini nafokewa na bosi, nikataka na mimi nipate bosi wa kumfokea. Akakua, jamani! Akisimama kwa miguu ya nyuma alinifika mabegani.

Sasa sikilizeni kosa langu. Huku kwetu wezi kabla ya kuingia wanarusha kwanza nyama yenye sumu. Mbwa wengi wa mtaani wamekufa hivyo. Kwa hiyo nilimfundisha Bosi asile kitu cha mtu yeyote isipokuwa mimi. Niliwaomba majirani wamrushie vipande vya nyama nilivyovipaka pilipili kichaa. Akila, inamwasha, na mimi namfokea. Kisha nampa chakula safi kwa mkono wangu, namwambia, "Kula, Bosi." Baada ya miezi mitatu mtu angemwekea utumbo mbele ya pua asiuguse. Nikisafiri siku mbili, alikaa na njaa siku mbili. Na mimi, mjinga, nilikuwa najisifia jambo hilo ofisini.

Mwaka huu mama yangu, aliyekuwa akiishi na kaka yangu kijijini Msimbu, alipata kiharusi. Upande wote wa kulia umepooza. Anatakiwa mazoezi hospitali mara mbili kwa wiki, hivyo nikamleta kwangu, na nikiwa kazini kuna mama jirani ananisaidia kumwangalia. Bosi nilimfungia bandani. Wiki ya pili alivunja komeo, akaingia sebuleni, akamkuta mama kwenye mkeka, akamlamba ule mkono uliopooza. Najua alikuwa anamsalimia. Mama alilia kama mtoto. Mate ya mbwa kwetu ni najisi, hivyo nilimwosha mkono mara saba, moja kwa udongo, kama dini yetu inavyotaka, naye muda wote ananitazama tu.

"Mwanangu," akaniambia, "mnyama wako sina ugomvi naye. Ila mguu sina, mkono sina, nimebaki na swala yangu. Na hiyo nayo unataka niikose?"

Jumamosi iliyofuata nilikodi kirikuu, kale kagari ka mizigo, nikampeleka Bosi Msimbu kwa kaka, awe anafukuza nguruwe pori kwenye mihogo.

Siku ya tatu kaka akapiga simu. "Mdogo wangu, huyu mbwa wako vipi? Nimemwekea ugali na vichwa vya samaki, kanusa, kageuza uso. Kuku ndio wamefaidi. Watu huku washaanza kusema tunamnyima." Nikamwambia aweke spika, nikasema, "Kula, Bosi." Kaka anasema alisimamisha masikio, akaizunguka simu, akaikwaruza kwa mguu, mwisho akalala pembeni yake. Chakula hakugusa.

Huu ni mwezi wa pili. Nakwenda kila Jumamosi. Anakula kwa mkono wangu kwa pupa mpaka anatapika, na nikiondoka anakunywa maji tu mpaka nirudi. Mbavu zote ziko nje. Nimeshika bakuli pamoja na kaka, nimemwachia kanga yangu anuse, wapi! Kumrudisha nyumbani siwezi, komeo atalivunja tena na mama hataswali kwa amani. Niliwaomba majirani nijenge banda kwao, niwe nakwenda kumlisha asubuhi na jioni, lakini hao ndio wale wale waliomrushia pilipili. Akiwaona anataka kuwararua, na siwezi kuwalaumu wakikataa. Likizo ya ofisini imekwisha kwa kumuuguza mama. Na nikisema nihamie Msimbu, nani atamgeuza mama kitandani?

Jumamosi iliyopita kaka alimwita bwana mifugo. Alimtazama Bosi kwa mbali, kwa sababu hamruhusu mtu mgeni kumkaribia, akaniambia kwa upole, "Dada, huyu anateseka. Tumpumzishe." Kaka akaitikia kwa kichwa. Bwana mifugo akasema sindano hawezi kumchoma hivi hivi, lazima kwanza apewe nyama yenye dawa ya usingizi. Kisha akaongeza, "Na hiyo nyama, dada, itabidi umpe wewe."

Mama hajui lolote. Kila akimaliza kusali ananiombea dua kwa kumwondoa mbwa kwa ajili yake, nami naitikia amina huku nimegeukia ukutani. Nyama nimeshainunua, iko kwenye friji. Jumamosi hii bwana mifugo anarudi na dawa; Bosi atanisikia tangu njiani, atakuja anayumba na kutikisa mkia, na ataipokea bila hata kuinusa. Ndugu zangu, kama kuna njia nyingine ambayo mimi sijaiona, naomba mniambie leo, maana zimebaki siku tatu.