Misumari ya Msaragambo

Tangu nimzike mke wangu, shughuli za ofisini nazifuata mwenyewe. Juzi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji, huku kwetu juu ya Mlalo, akaingia mama mmoja mjane, kanga imelowa hadi magotini.

"Shikamoo, mama," alisema katibu.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza nani atanijengea ukuta. Mlikuja kijiji kizima kwa msaragambo kuniezekea bati, misumari mkaipiga kwenye mabonde ya bati badala ya migongoni. Maji yameshuka ndani, ukuta wa chumbani umelalia kitanda."

"Aliyeipiga ni nani?"

"Wote. Hata wewe ulipanda."

Katibu akakuna shavu kwa kalamu. "Kazi ya wote, mama, hatuwezi kumshika mmoja. Tutaitisha msaragambo mwingine."

"Niwapikie nini? Mahindi ya makande ndiyo yaliyolowa."

"Desturi unaijua, mama. Mwenye nyumba ndiye anayepika."

Basi nikajua nani analipa. Kila Jumapili namshukuru Mungu kwa ajili ya majirani, na nitaendelea. Siku hizi tu namwomba pia awape jicho la kuona wanapopigilia.

Mvua ikaanza tena. Mimi na katibu tukabaki ndani. Yule mama akajitanda kanga kichwani, akaelekea mlangoni.

"Subiri ipite, mama," katibu akamwambia.

"Nisubiri ya nini, mwanangu? Hata nyumbani nitanyeshewa."