Malaika Niliyemtangaza Kanisani

Mimi ni bibi wa Mbulumbulu, magoti yamekwisha, na nimechoka. Tangu mwanangu aende Arusha kutafuta kazi, nilikuwa sisemi na mke wake, Paulina. Nilishamwambia arudi kwao Kansay, lakini hakuondoka. Hata kusali niliacha. Nilimwambia Mungu kwa sauti, pale uani, kwamba kama yupo anichotee maji.

Asubuhi yake nikakuta ndoo mbili zimejaa mlangoni. Wiki nzima hivyo hivyo. Paulina hakunijia akilini. Mtu uliyemfukuza atakuchoteaje maji? Nikarudi kusali kwa machozi.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, nikashika kipaza sauti. "Wapendwa, nyumbani kwangu hakuna anayenijali. Bwana amenitumia malaika!"

Vigelegele vikapigwa. Jirani yangu Mama Safari hakupiga, alisimama.

"Bibi, huyo malaika napanga naye foleni bombani kila alfajiri, ana mtoto mgongoni. Jana kateleza kwenye tope, maji yakamwagika yote, akarudi kupanga upya."

Kanisa zima likageuka kumtazama Paulina. Alikuwa ameinamisha kichwa, anamfunga mtoto khanga, na mimi nimesimama pale mbele, bado nimeshika kipaza sauti.