Mafuta Yaliyoishia Mjini

Mabonga aliendesha malori ya kwenda mpakani Malaba miaka na miaka bila kuiba hata kikombe kimoja cha dizeli, na kwa sababu hiyo wenzake walimwona mjinga. Barabarani ilikuwa kawaida. Dereva akifika mahali penye miti anaegesha, anaingiza mpira kwenye tangi, anajaza mtungi, na kuna mtu wa kando ya barabara anayeununua bila kuuliza umetoka wapi. Wengine walijenga nyumba za mawe kwa mitungi hiyo. Mabonga hakujenga kitu. Mgongo ulipomkataza malori, alitoka na jina lake safi na begi la nguo, na kati ya hivyo viwili alilithamini jina.

Sasa mtu kama huyo aambiwe ni mwizi wa mafuta. Na si mafuta ya lori, ni ya pikapu ya kusambazia maziwa lala, yale ya mgando.

Pikapu ilikuwa ya Mama Jeruto, mjane wa mtaa wa Kimumu, aliyemwajiri baada ya mumewe kufariki. Marehemu alikuwa akiiendesha mwenyewe. Alipita Soy akikusanya maziwa kwa wakulima, kisha anashika barabara ya Webuye hadi Turbo kwa mnunuzi, na tangi likijazwa, watu wa nyumbani walikuwa wanasahau kama kuna kitu kinaitwa kituo cha mafuta. Mama Jeruto alipobaki peke yake aligeuza biashara. Wakulima wakaanza kumletea maziwa kwa bodaboda, yeye na wanawake aliowaajiri wakawa wanayachemsha na kuyalaza jikoni, na kazi ya Mabonga ikawa kuyapeleka kwenye vioski na mikahawa ya mjini Eldoret: Huruma, Munyaka, Langas, West Indies. Karibu karibu tu. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu tangi ambalo marehemu aliishi nalo mpaka likazoeleka, Mabonga alikuwa analimaliza mara moja.

"Mabonga," Mama Jeruto alimwita asubuhi moja kutoka mlango wa jikoni, "Mzee alikuwa anaenda mpaka Turbo na kurudi, kila siku. Wewe unaenda Langas. Sasa niambie, karibu inakula mafuta mingi kuliko mbali?"

"Mama, town iko na jam. Unasimama, unatoka, unasimama."

"Na ukisimama si gari pia imesimama? Imesimama inakula nini?"

Swali hilo lilimuuma Mabonga. Ukweli ni kwamba hata yeye hakujua. Aliona mshale wa mafuta ukishuka mbele ya macho yake, akaukodolea, akagonga kioo kwa kidole, akainama chini ya gari kutafuta tone. Hapakuwa na tone. Injini haikutoa moshi mweusi. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa mafuta kwisha, na ukiwa dereva na mafuta yakaisha bila sababu, sababu ni wewe.

Ilikuwa Julai, mwezi ambao ukungu wa Eldoret hulala juu ya nyasi mpaka jua lipande sana, na mtu akisema jambo unaliona likitoka mdomoni kama moshi. Kila asubuhi, kwa amri ya Mama Jeruto, Mabonga aliwasha gari na kuliacha lingurume huku wanawake wakileta kreti za maziwa kwa mwendo wao, wakisalimiana, wakirudi kuchukua kitambaa walichosahau. Ndivyo marehemu alivyofanya, na ya marehemu pale nyumbani hayakupingwa. Dizeli ipashwe moto mpaka izoee. Na mjini Mabonga aliongeza lake la malori: hazimi. Akifika kioski, anashuka, anashusha kreti, anasubiri mwenye kioski atafute zile tupu, na gari linaendelea kuguna. Malorini walifundishana kwamba kuwasha dizeli upya kunakula zaidi ya kuiacha, na Mabonga aliliamini jambo hilo kama anavyoamini kuwa Jumapili watu huenda kanisani.

Mama Jeruto akaamua kufunga tangi. Alimwita mtu wa kuchomelea vyuma, kifuniko kikawekewa kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye pembe ya leso yake. Ikawa dizeli ikihitajika, anafuatana na gari mpaka kituoni, anafungua mwenyewe, anasimama pale kama askari mpaka ijae, anafunga. Mabonga alikubali kwa roho nyeupe. Alijiambia kufuli hiyo ndiyo itakayomtetea.

Mafuta yakaisha vilevile.

"Sasa umetoboa wapi?" Mama Jeruto akamuuliza, sauti ya chini kabisa, na hapo Mabonga akajua kwamba amekwisha. Angalipigiwa kelele angaliweza kujibu. Kumbe kufuli imegeuka ushahidi: mwizi wa kawaida angezuiwa, kwa hiyo huyu si wa kawaida.

Maneno yakatoka jikoni, yakafika kanisani kabla ya Jumapili. Mkewe, Selpha, aliambiwa na mama mmoja wa kwaya, kwa ile sauti ya kuhurumia, kwamba kuna watu wanasema mzee wake anauza dizeli kwa mitungi kule Munyaka, yeye haamini, lakini amwonye. Selpha alirudi nyumbani Langas akavua viatu, akakaa.

"Mimi sikuulizi," akasema. "Nakujua. Lakini tafuta vile utaeleza hawa watu, kwa sababu mimi nimechoka kuhurumiwa."

Basi Mabonga akampelekea pikapu Ogola, fundi waliyejuana tangu siku za malori. Ogola alisikiliza injini, akachungulia huku na kule, akajipangusa mikono polepole mpaka Mabonga akatamani kumnyang'anya kile kitambaa.

"Gari yako haina shida," Ogola akasema. "Unaiendesha namna gani?"

Mabonga akamweleza yote, kuanzia kupasha moto asubuhi hadi kutozima kwenye vioski. Ogola akacheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha.

"Sikia. Dizeli haina plagi ya kuwasha moto kama petroli. Inawaka kwa sababu hewa imefinywa mpaka ikapata joto. Sasa asubuhi na hii baridi, chuma yote ni barafu, hiyo joto inamezwa na chuma. Injini inaitisha mafuta zaidi ndiyo iwake vizuri. Oili nayo imekuwa nzito kama uji ya jana, kila kitu huko ndani inajikokota."

"Si ndiyo maana naipasha moto?"

"Haupashi kitu. Dizeli ikinguruma bila kazi haishiki moto haraka, unachoma tu mafuta ukiangalia. Washa, ngoja kidogo, toka polepole, itapata joto ikifanya kazi. Lakini wewe hata ukitoka, kabla ipate joto umefika Huruma, umesimama. Unatoka, Uganda Road jam, umesimama. Na kila ukisimama unaanza tena kusukuma hiyo gari na kreti zake zote kutoka chini. Marehemu alikuwa anaisukuma mara moja, halafu inateleza mpaka Turbo ikiwa moto. Hata yeye alikuwa anapoteza hapo nyumbani, tu ni vile barabara ilikuwa inamfichia."

Mabonga alifurahi, kisha akaona aibu, kisha akakasirika, yote kabla Ogola hajamaliza. Alifurahi kwamba kumbe kuna maelezo. Akaona aibu kwamba miaka yote hiyo alikuwa akijiita dereva. Hasira ilikuwa ya mambo yote kwa jumla, na ndiyo iliyobaki.

"Twende umwambie Mama."

"Mimi?" Ogola akatikisa kichwa. "Fundi na dereva wakienda pamoja kwa mwenye gari, atasema wamegawana pesa za mafuta. Enda naye barabarani. Jaza tangi mpaka juu, mpeleke Turbo, rudi, jaza tena aone imeingia kidogo. Halafu kesho yake zunguka naye town siku nzima, jaza, aone. Zote mbili. Macho yake ndiyo itamwambia."

Kwanza Mabonga alijaribu kumweleza kwa mdomo. Mama Jeruto alimsikiliza akikoroga sufuria, na alipofika kwenye hewa ya kufinywa, mama akauliza kama Ogola ni yule rafiki yake. Asubuhi iliyofuata Mabonga akawasha gari na kutaka kuondoka mara moja, na mama akatoka mbio na leso yake akiuliza kama sasa anataka kuua na gari lenyewe. Mjini akawa anazima kwenye kila kioski. Ilisaidia kidogo, lakini nani angeona kidogo? Huwezi kumwonyesha mtu mafuta ambayo hayakuungua.

Ndipo akamwomba safari. Kwa bahati Mama Jeruto alikuwa na dada yake mgonjwa Turbo, akakubali. Walijaza tangi mpaka dizeli ikaonekana mdomoni, mama akafunga, wakashika barabara. Siku hiyo Mabonga aliendesha vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Gari lilikuwa jepesi, gia ya juu, mguu umelegea. Walimwona mgonjwa, wakanywa chai, wakarudi. Kituoni mwenye pampu hakuchelewa, dizeli kidogo tu ikaingia na tangi likajaa, na Mama Jeruto akaitazama pampu, akamtazama kijana aliyeishika, akaitazama tena.

"Umeona, Mama?" Mabonga akasema.

"Nimeona," akasema Mama Jeruto.

"Sasa kesho tuzunguke town pamoja. Siku moja tu."

"Mimi nikae kwa jam na kreti siku nzima, maziwa ichemshwe na nani? Imetosha. Nimeona."

Njia yote mpaka Kimumu mama alitazama nje dirishani, na Mabonga alidhani ni aibu. Alimwonea hata huruma. Jioni akamwambia Selpha mambo yameisha, na Selpha akapika kuku.

Kesho yake alipofika kazini aliitwa jikoni. Wanawake wote walikuwepo, wameacha kazi, mikono mbele. Mama Jeruto alikuwa amevaa nguo ya kanisani.

"Jana nilienda na Mabonga Turbo," akaanza, kwa upole. "Safari ile yote, na mafuta haikuenda mahali. Nimefikiria sana. Kumbe mimi nikiwa ndani ya gari, mafuta haiishi."

Mabonga akafungua mdomo.

"Usiseme kitu, Mabonga. Nimeomba usiku mzima. Maisha ni ngumu, uko na watoto shule, na shetani hupitia mtu yeyote. Ulinipeleka mwenyewe ndiyo nione, na mwizi mbaya hangefanya hivyo. Nimekusamehe. Kazi yako iko. Na hapa kwangu sitaki mtu ataje hii maneno tena."

Wanawake wakasema amina. Mmoja, Linah, akajipangusa macho kwa aproni.

Mabonga alisimama katikati ya jiko lile na hasira ikampanda. Akitoka na kumwaga unga, atakuwa mwizi aliyeshindwa kukaa na aibu yake. Akibaki, ni mwizi aliyesamehewa. Akianza upya habari za chuma baridi na hewa, atakuwa mwizi asiye na shukrani. Alitafuta neno moja la kumtoa humo, akalipata lile lililokuwa karibu.

"Mama," akasema, "nifute kazi. Lakini tafadhali, usinisamehe."

Mama Jeruto akamtazama, machozi yakamlengalenga. Akamshika bega kwa mikono miwili.

"Mnaona?" akawaambia wanawake. "Hiyo ndiyo inaitwa toba. Mpeni chai."

Wakampisha kiti cha karibu na moto. Linah akammiminia chai ya maziwa, akaongeza sukari bila kuulizwa, na mwingine akamwekea andazi la moto kwenye sahani, lile kubwa. Tangu aanze kazi pale, hakuna aliyewahi kumwambia hata karibu.