Nilivyoanguka Kiwandani

Kifafa kilinianza kabla sijajua kutembea vizuri. Kwetu Mugeta nimeanguka shambani, kanisani, hata kisimani, na watu walishazoea. Kwa hiyo nilipopata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba pale Bunda, siku ya kwanza kabisa nilimweleza msimamizi wa zamu.

"Bosi, mimi huwa naanguka. Daktari wa Musoma amenikataza kukesha na kukaa karibu na mashine inayozunguka. Naomba unipange kwenye kushona magunia, zamu ya mchana."

Alikuwa mwanaume mrefu, amevaa buti zenye chuma mbele. Alicheka.

"Hapa siyo hospitali, dada. Mgonjwa akae kwao."

Akanipanga zamu ya usiku, kwenye mkanda unaopeleka pamba kwenye mashine.

Niliyefanya naye kazi hapo alikuwa mjane wa Butiama, mwenye mabega mapana na maneno machache. Naye nilimweleza.

"Sasa ukianguka nikufanyeje?"

"Nilaze ubavu. Usinitie kitu mdomoni. Subiri tu."

"Basi?"

"Basi, mama."

Nilianguka asubuhi moja, zamu ikikaribia kuisha, baada ya usiku kadhaa wa kukesha. Yaliyofuata nilisimuliwa. Mkanda uliuvuta mkono wangu wa kushoto, ukauchuna ngozi kutoka kifundo hadi kiwiko. Mjane alikimbilia swichi ya kuzimia mashine, upande wa pili wa jengo. Kabla hajarudi, msimamizi alikuwa ameshafika.

"Amelewa huyu!" alisema, akanipiga teke la mbavu. Akaongeza la pili.

Povu lilipoanza kunitoka, wenzangu walirudi nyuma, maana kwetu wengi wanaamini mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Mmoja akapiga kelele kwamba nitameza ulimi. Msimamizi akachukua spana, akaipenyeza katikati ya meno yangu, akakandamiza kama anafungua mlango uliokwama. Meno mawili ya juu yalivunjika.

Hapo ndipo mjane aliporudi. Aliokota kipande cha mbao akampiga nacho msimamizi usoni. Pua ilipasuka. Msimamizi alipoanguka, mjane akampiga mkono ulioshika spana, kisha bega, kisha mkono tena.

"Ubavu!" alikuwa anapiga kelele. "Alikuambia anaangukaga! Alikuambia!"

Wanaume watatu ndio waliomshika.

Nilipozinduka, mdomo ulikuwa umejaa damu na vipande vya meno. Karibu yangu msimamizi alikuwa amejikunja, analia. Pamba iliyotuzunguka ilikuwa nyekundu, na sikujua ipi ni damu yangu.

Meneja alituita nilipotoka hospitali. Alimuuliza msimamizi kama niliomba kazi nyingine. Wenzangu waliosimama mlangoni ndio waliojibu, wote kwa pamoja. Nikahamishiwa kwenye magunia, mchana, nikapewa kiti. Nesi akaletwa kufundisha kila zamu namna ya kumlaza mtu anayeanguka. Yote niliyoomba mwanzoni nilipewa, bila kupunguziwa hata moja.

Lakini aliyepiga kwa mbao alifukuzwa. Aliyepiga kwa buti alipewa onyo.

Nilimfuata mjane kwao Butiama. Nilimkuta uani kwake anamenya mihogo.

"Mama, umepoteza kazi kwa ajili yangu."

Hakuacha kumenya.

"Siyo kwa ajili yako tu. Mdogo wangu naye alikuwaga anaanguka. Walimchoma nyayo kwa kuni za moto, wanasema ndiyo atazinduka. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nashika miguu, maana baba alisema nishike."

Nilivuta beseni, nikachukua kisu kingine, tukamenya wote mpaka mihogo ikaisha.

Tangu wakati huo nimeanguka kazini mara mbili. Mara ya kwanza akina mama wa magunia walinilaza ubavu, wakasubiri, nikaamka nikiwa nimefunikwa khanga. Mara ya pili nilipofumbua macho, aliyekuwa amenishika kichwa ni msimamizi. Alikuwa amepiga magoti, na viganja vyake vilikuwa chini ya shavu langu.

"Pole, dada," alisema. "Tulia. Inaisha."

Alifanya sawasawa kama nesi alivyofundisha. Nilipiga kelele mpaka akaniachia.